Pijo ya Mihayo

Ilifika Isevya saa nne, jua limeshakaa,
inatetemeka kama mgonjwa aliyemeza kwinini,
vioo vinalia, kibao cha namba kinapiga makofi.
Aliyeiendesha ni Nyamizi, binti wa marehemu Mihayo,
mrina asali wa Sikonge,
na kabla hajazima swichi alishaanza kusema:
"Kiloleni wameniambia ringi zimekwisha,
injini ishushwe, au niuze chuma kwa kilo."

Sikumjibu. Nilivuta kigoda.
Moshi haumfunulii siri mwenye haraka.

Mweusi ungeniambia kabureta inakunywa kupita kiasi.
Mweupe usiokoma: maji yamepata njia kwenye gasketi,
fungua rejeta utazame mapovu.
Alichonieleza ulikuwa wa buluu, tena haba.
"Unatoka saa ngapi?"
"Asubuhi, nikiwasha tu. Halafu unakata."
"Ukikanyaga mafuta kuelekea Ipuli?"
"Sijauona."

Basi si ringi.
Ringi zikichoka hufuka kutwa, hazichagui saa.
Hii ni oili inayoshuka usiku, tone kwa tone,
kwenye sili za valvu zilizokauka kama maganda ya karanga,
ikalala humo kungojea cheche ya alfajiri.

Kutetemeka kulikuwa kesi nyingine.
Nilichomoa waya za plagi moja moja.
Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba.
Ya tatu, ya nne, kila moja ililalamika kuachwa.
Hapakuwa na silinda iliyokufa.
Wote wanne wako kazini, na bado nyumba haitulii.

"Ikiwa ya baridi?"
"Imetulia kabisa, sarafu utaisimamisha kwenye boneti.
Inaanza ikishapata moto, nikikaribia reli."
"Na breki?"
Alinitazama kama niliyemsoma ndotoni.
"Ngumu. Baba alikuwa akisema mguu wangu mwepesi."

Nikaufuata mpira mnene uendao kwenye haidrovaki.
Karibu na manifoldi vidole vyangu vilinata.
Nikanusa. Si grisi. Si gamu ya gasketi.
Nta.

Mzee alikuwa ameziba ufa kwa nta ya nyuki,
akaikandamiza kwa dole gumba:
upande usiopata joto mistari ya kidole bado ilikuwepo.
Ya baridi ilishika.
Ikipata moto ililainika, ufa ukapumua,
hewa isiyoalikwa ikaingia kwa mlango wa uani,
na injini ikatapatapa kutafuta kipimo chake.

Sizya, kijana wangu, alicheka, kisha akaona sura ya Nyamizi.
Nikamtuma akate mpira
kwenye Landrova iliyolala nyuma ya choo.
Tukaufunga, klipu mbili, nikawasha.
Mlio ukashuka, ukashuka, ukakaa.
Tukasikia kuku wa jirani.
Bisibisi niliyoisahau juu ya chujio la hewa
haikucheza.

Nyamizi aliuomba ule mpira wa zamani.
Ulikuwa umeshatupwa kwenye pipa la oili chafu;
Sizya aliingiza mkono hadi kiwiko,
akautoa, akaufutia suruali yake mwenyewe.
Alama ya kidole sijui kama ilibaki. Sikuuliza.

Malipo tulielewana: nusu fedha, nusu ndoo ya asali,
na ndoo nyingine sili zikija
kwa treni ya Dar, wiki ijayo au ile ya pili.
Mpaka hapo, nikamwambia, chungulia oili kila Jumatatu,
na asubuhi ukiwasha usiwasikilize wa Kiloleni.
Utatoka moshi kidogo tu,
kama ule mrina anaowapulizia nyuki wampishe,
na ukifika relini umekwisha.